Wagonjwa waelezwe ukweli kuhusu sindano za mgongo

Miaka michache iliyopita, nikiwa mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu, niliinama kuokota kipande cha chaki kilichoniponyoka, nikashindwa kuinuka. Wanafunzi walidhani nafanya mzaha, na baadhi yao walicheka. Maumivu yalianzia kiunoni upande wa kushoto, yakateremka takoni, yakapita nyuma ya paja na kufika hadi kwenye kidole gumba cha mguu, mithili ya mtu aliyeguswa na waya wa stima. Wavulana wawili walinishika mabega na kunifikisha majilisini. Huko, kabla sijapata hata pa kuketi, nilikuwa nimekwisha kushauriwa na walimu sita, na wote sita walikuwa na neno moja tu kinywani: sindano.

Jioni hiyo nilipelekwa kwa bodaboda, safari ambayo simtakii hata adui yangu, hadi kliniki ndogo iliyo nyuma ya duka la dawa mtaani. Aliyenihudumia hakuniuliza mengi. Alivuta dawa kutoka chupa mbili, akanidunga, akapokea pesa zake. Asubuhi yake nilitembea. Nilimsifu mtu yule kwa kila aliyenisikiliza, na maumivu yaliporudi baada ya siku chache nami nilirudi kwake. Nilirudi wiki ya pili, ya tatu na ya nne. Mara ya tano ndipo nilipomwuliza dawa ile yaitwaje. Alitabasamu kwa upole kabisa akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni ya mgongo."

Haukupita muda mrefu nikaanza kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, na kiu yangu haikukatika. Mimi ni mgonjwa wa kisukari, na kwa miaka mingi nilikuwa nimekidhibiti kwa vidonge. Nilipofika hospitali ya umma na kupimwa, sukari ilikuwa imepanda kiasi cha kumfanya daktari avue miwani yake. Alitaka kujua iwapo nilikuwa nimedungwa steroidi. Mimi, mtu wa kalamu na vitabu, niliyewafundisha watoto wa watu kuuliza maswali, sikuwa na jibu.

Nayaeleza haya si kwa kutafuta huruma, maana nilipona, bali kwa sababu najua kwamba siko peke yangu. Katika majilisi ya shule nyingi za nchi hii pana mwalimu mmoja au wawili wanaotembea wakiwa wameinama upande mmoja, na kila mmoja wao ana kisa cha sindano ya ajabu aliyodungwa mahali fulani. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba huenda idadi hiyo ikafika milioni 843 mwaka 2050. Ugonjwa wenye wateja wengi kiasi hicho hauwezi kukosa wachuuzi.

Kwanza tuelewane kuhusu hii steroidi. Wanafunzi wa Bayolojia wanajua kwamba juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Miongoni mwa homoni zinazotengenezwa na tezi hiyo imo ile inayotuliza uvimbe na mwasho mwilini. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic iliyoko Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa homoni ya aina hiyo, iliyopewa jina la kotisoni, mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache aliweza kutembea. Ulimwengu ulipigwa na butwaa, na mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walituzwa Nobel. Steroidi tunazodungwa leo, kama vile deksamethasoni, triamsinoloni na methiliprednisoloni, ni jamaa za kotisoni hiyo. (Hizi zisichanganywe na steroidi za kukuza misuli ambazo huwaponza wanariadha. Hizo ni za ukoo mwingine.) Ni dawa kubwa zenye manufaa makubwa, zimewaokoa wagonjwa wa pumu wasiohesabika. Hata hivyo, homoni haipokei amri ya kukaa mahali pamoja. Dawa ile ile inayotuliza uvimbe hupandisha sukari katika damu, hudhoofisha kinga ya mwili, na ikitumiwa mara kwa mara huyeyusha nguvu za mifupa na kuzilaza usingizi tezi za adrenali zenyewe.

Sasa tuutazame mgongo. Baina ya pingili moja na nyingine pana kisahani cha gegedu ambacho katikati yake mna ute mzito. Kisahani hicho kikichanika, ute hufuka nje na kuugusa mzizi wa neva inayoelekea mguuni. Aghalabu hutokea chini kabisa, karibu na pingili za nne na tano za kiuno, na ndiyo maana mtu huumwa mguu ilhali kasoro iko mgongoni. Neva huumia kwa namna mbili: inabanwa, na pia inawashwa na kuvimba kutokana na kemikali zilizomo katika ute ule. Steroidi haiwezi kuondoa kile kinachobana. Inachoweza ni kutuliza mwasho huo kwa muda. Yafaa pia msomaji afahamu jambo ambalo halitangazwi sana madukani: katika watu wengi mwili wenyewe huufyonza ute uliofuka, na maumivu ya mguu hupungua katika muda wa majuma sita hadi kumi na mawili hata bila sindano yoyote.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa kuwa watu wetu huita vitu viwili jina moja. Ipo sindano ya takoni, ile niliyodungwa mimi, ambayo humwaga steroidi katika mwili mzima kwa matumaini kwamba kiasi fulani kitafika panapouma. Sindano hii ikidungwa na mkono usiojua mahali pake yaweza kuichoma neva ile ile kubwa ipitayo takoni kuelekea mguuni, na mtu aliyekwenda kutibiwa maumivu ya mguu akarudi nyumbani na mguu uliolegea. Ipo pia sindano ya mgongoni penyewe. Hiyo hudungwa na daktari bingwa kwa kuongozwa na picha ya eksirei, naye huipeleka dawa katika nafasi nyembamba iliyo nje ya utando unaozingira mishipa ya fahamu. Njia hii si mpya. Mwaka 1901 jijini Paris, madaktari Jean-Athanase Sicard na Fernand Cathelin, kila mmoja kivyake, walidunga kokeni kupitia tundu lililo chini ya uti wa mgongo ili kutuliza maumivu. Mapema katika miaka ya 1950 wenzao wa Italia na Ufaransa walianza kutia steroidi.

Je, inafaa? Swali hili limeulizwa kwa miaka mingi, na majibu yake yamo katika majarida ambayo mgonjwa wa kawaida hayaoni. Mwaka 1997 daktari Simon Carette na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti wao kuhusu wagonjwa 158 waliokuwa na maumivu ya mguu yanayotokana na kisahani kilichochanika. Baadhi walidungwa methiliprednisoloni mgongoni, wengine wakadungwa maji ya chumvi, bila mgonjwa kujua amepata nini. Katika majuma ya kwanza waliopata dawa walikuwa na nafuu kidogo ya mguu kuliko wenzao. Baada ya miezi 3 tofauti ilikuwa imetoweka. Baada ya mwaka mmoja, takriban robo ya kila kundi walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Sindano haikuwa imemwepusha mtu na kisu. Mwaka 2020 watafiti wa shirika la Cochrane waliziweka pamoja tafiti 25 za namna hiyo na kuona kwamba, katika muda mfupi, maumivu ya mguu yalipungua kwa wastani wa alama 5 hivi katika kipimo cha alama 100. Alama tano! Mwanafunzi akiniletea maendeleo ya kiasi hicho huwa nampongeza, lakini simwambii mzazi wake auze ng'ombe kwa furaha.

Kwa wazee ambao njia ya neva imebanwa na mifupa iliyokua, habari ni dhaifu zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa 400 wa aina hiyo ulilinganisha sindano ya dawa ya ganzi peke yake na sindano ya ganzi iliyotiwa steroidi. Baada ya majuma 6 tofauti baina yao ilikuwa ndogo mno au haikuwepo.

Msomaji asidhani kwamba nataka sindano hii itupwe. Taasisi ya NICE, inayotoa mwongozo wa matibabu nchini Uingereza, ilisema mwaka 2016 kwamba sindano ya mgongoni yaweza kufikiriwa kwa mtu mwenye maumivu makali ya mguu ambayo hayajakaa sana, lakini isidungwe kwa ajili ya maumivu ya kiuno pekee. Mwaka 2025 jopo la kimataifa lililochapisha ushauri wake katika jarida la BMJ lilikwenda mbali zaidi, likapinga matumizi ya sindano hizi kwa maumivu sugu ya mgongo, yaani yaliyodumu miezi 3 au zaidi na yasiyotokana na saratani. Baadhi ya madaktari wa maumivu hawakukubaliana na jopo hilo, na mjadala ungali unaendelea. Mimi si daktari wa kuuamua. Nasema tu kwamba hata wale wanaoitetea hawasemi inaponya. Wanasema kwamba inaweza kumnunulia mgonjwa majuma kadhaa ya nafuu ili alale, atembee na kuanza mazoezi, huku mwili ukijitibu. Kwa mtu ambaye hajalala siku kumi, majuma hayo si haba. Lakini anapaswa kuambiwa kwamba anachonunua ni majuma.

Tena kuna hatari, nazo ni adimu lakini si za kupuuzwa. Mnamo Septemba 2012, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, madaktari walimgundua mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na kuvu. Alikuwa amedungwa steroidi mgongoni. Ilibainika kwamba methiliprednisoloni iliyotengenezwa na kampuni ya New England Compounding Center huko Massachusetts ilikuwa imechafuliwa. Zaidi ya watu 13,000 walikuwa wamedungwa dawa hiyo. 753 waliugua katika majimbo 20, na 64 walifariki. Haya yalitokea katika nchi yenye maabara na wakaguzi chungu nzima. Mwaka 2014 idara ya kusimamia dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kwamba steroidi zinazodungwa kando ya uti wa mgongo zaweza, mara chache, kuleta upofu, kiharusi, kupooza na hata kifo, na ikakumbusha kwamba haikuwa imeziidhinisha rasmi kwa matumizi hayo. Baadhi ya dawa hizi ni nyeupe kama maziwa kwa sababu zina chembechembe. Zikiingia katika mshipa mdogo wa damu unaolisha ugwe wa fahamu, chembe hizo huuziba. Ndiyo sababu eksirei hutumika, na ndiyo sababu mtu anayejitolea kukudunga mgongoni bila eksirei, katika chumba chenye pazia badala ya mlango, ni wa kukimbiwa, kama mguu utakuruhusu kukimbia.

Kwetu sisi Wakenya yapo mengine ambayo mwongozo wa Uingereza hauna haja ya kuyatilia mkazo. Si kila mgongo unaouma hapa una kisahani kilichochanika. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Hupanda kwenye uti wa mgongo na kuzila pingili polepole. Homa inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, inayojulikana sana na wafugaji, nayo hushika mgongo. Mgonjwa wa maradhi hayo akidungwa steroidi hupata nafuu ya uongo huku kinga yake ikizimwa na maradhi yakiendelea kula mfupa. Mtu anayeumwa mgongo huku akikonda, akitokwa na jasho usiku au kupata homa za mara kwa mara anahitaji kuchunguzwa. Na anayeshindwa kuuzuia mkojo, au kuhisi ganzi mahali anapokalia, asingoje hata asubuhi; huyo ni wa kukimbizwa hospitali kubwa.

Kisha kuna ndugu zetu wanaomeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Baadhi ya dawa hizo, hasa za wale waliobadilishiwa baada ya zile za kwanza kushindwa, zina ritonavir. Ritonavir hulizuia ini lisiivunje steroidi, hivyo kwamba hata sindano moja ya triamsinoloni yaweza kukaa mwilini majuma mengi, uso ukavimba na kuviringika, na tezi za adrenali zikaacha kazi. Mtu hawezi kujikinga na jambo hili iwapo anayemdunga hakumwuliza anatumia dawa gani, na wala hakumtajia anachomdunga. Wako wanaoficha kwa kuona haya, nami siwalaumu, kwa kuwa pazia haliwezi kuzuia sauti. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kuikataa huduma ya nyuma ya duka.

Turudi kwenye kisa changu. Sukari ilipotulia nilipelekwa kwa bingwa mmoja jijini Nairobi. Wakati huo nilikuwa katika juma la tisa, kiuno kimepoa lakini mguu ungali ukiwaka usiku. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na mwenzangu mmoja kwamba huko watu hulipia sindano tatu kwa mpigo, na nilikuwa nimejaza fomu ya mkopo katika chama chetu cha akiba. Daktari yule aliniambia kitu ambacho sikukitazamia: kwamba hakuna ushahidi wa kulazimisha idadi ya tatu, kwamba ya kwanza ikikosa kufaa ya pili haina sababu ya kufanya miujiza, na kwamba yawezekana mguu wangu ungetulia wenyewe nikisubiri. Alinieleza hayo kwa Kiswahili, taratibu, akinichorea pingili kwenye karatasi. Nilimwomba anidunge moja. Sukari yangu ilipimwa kila siku kwa juma zima, na ilipanda kweli, lakini safari hii tulikuwa tukiingoja.

Nililala vizuri kwa muda wa majuma matano hivi. Maumivu yalirejea kidogo, kisha yakafifia yenyewe nilipokuwa nikitembea kila jioni na kufanya mazoezi niliyofunzwa. Je, ni sindano iliyonisaidia au ni siku? Sijui, wala mgonjwa mmoja hawezi kujua, na hii ndiyo sababu watafiti huwadunga wengine maji ya chumvi. Natamani walimu wa Sayansi waliosoma hadi hapa wautumie mfano huu darasani, maana wanafunzi wetu hukariri maana ya jaribio lenye kundi la kulinganishia bila ya kuambiwa kamwe kwamba jaribio hilo lahusu matako ya baba zao.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na kwamba ana haki ya kukataa. Tena kwa lugha ambayo mgonjwa anaifahamu. Hayo yamekwisha kuandikwa. Kinachokosekana ni daftari. Naiomba Wizara ya Afya, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu, wasiishie kukagua leseni zilizotundikwa ukutani. Wakaguzi wao wawasimamishe wagonjwa wanaotoka mlangoni wakiwa wameshika matako, wawaombe daftari, na wasome kilichoandikwa: jina la dawa, kiasi, tarehe na aliyeidunga. Asiyeandika afungiwe.

Nanyi walimu wenzangu, hasa mnaokwenda likizoni na migongo iliyochoka, ulizeni kabla suruali haijateremshwa. Mwulizeni anayeshika sindano dawa hiyo yaitwaje, anaidunga kwa ugonjwa gani, na nafuu yake yatarajiwa kudumu siku ngapi. Karatasi niliyopewa na bingwa yule ningali nayo, nimeibandika katika daftari langu la hospitali. Ya kliniki ile ya nyuma ya duka, pamoja na sindano zote tano, sina hata mstari mmoja.